Jina Juu ya Duka

Miaka yote niliyoishi kwa kuandika mabango, nilikuwa na fimbo. Ilikuwa fimbo nyembamba ya urefu wa mkono, ncha yake nimeifunga kitambaa kikawa donge. Unaishika kwa mkono wa kushoto, lile donge unaliegemeza pembeni mwa ubao, halafu mkono wa kulia wenye brashi unalala juu ya fimbo. Hapo mkono hautetemeki hata kama umelala njaa. Niliandika maduka, bucha, malori, milango ya mawakili na vyuo vya ushonaji, na nasema bila kuona haya kwamba kutoka River Road hadi Biashara Street hakukuwa na mtu aliyeweza kuandika herufi ya S kunishinda. S ndiyo humuumbua fundi. Wengi huitia tumbo.

Nayasema haya mapema ili ijulikane nilikuwa mtu wa aina gani nilipoanza kujifunza kuchora kwa rangi za mafuta, tena kwa ule mtindo wa mkono uliolegea, ambao ukiisogelea picha huoni ila madoa, na ukirudi nyuma hatua tano unaona mti, au mtu, au mvua inakuja. Mimi nilikuwa mtu wa mstari. Kitu kisicho na mstari nilikiona hakijaisha, na aliyekiacha hivyo nilimwona mvivu.

Mwalimu wangu alikuwa mama wa Kihindi, mke wa mwenye duka moja la vitambaa pale Biashara Street. Yeye nilimwita Mama, na mumewe nikamwita Mzee ingawa hakunizidi kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Wao wote wawili waliniita fundi. Duka lao lilikuwa na ubao mrefu juu ya mlango, na kila baada ya miaka miwili, jua likishailamba rangi, niliitwa niuandike upya: jina la baba yake Mzee, ambaye ndiye aliyelifungua duka na ambaye alifia hapa hapa Nairobi, na baada ya jina hilo maneno "na Wanawe". Herufi za manjano, kivuli chekundu, juu ya kijani. Wana walikuwa watatu, lakini wawili walihama zamani, kwa hiyo hao wana wote walikuwa Mzee peke yake. Nikiwa juu ya ngazi alisimama barabarani, mikono mgongoni, akiniangalia. Nikimaliza aliyasoma maneno yote kwa sauti, mara moja, kisha akaingia ndani kuuza.

Mara ya pili nilipoitwa, miaka michache baada ya uhuru, niliingia nyuma ya duka kunawa mikono nikamkuta Mama ameketi kwenye kigoda akichora. Hakuchora juu ya turubai. Alichora juu ya vile vibao vyembamba ambavyo vitambaa huviringwa juu yake vikitoka kiwandani. Jora likiisha kuuzwa kibao hubaki, na Mama alikuwa amevirundika ukutani, kila kimoja na picha yake. Nilisogea nikatazama. Niliona uchafu. Kwa kweli nilidhani kuna mtu alikuwa akifutia brashi pale.

"Mama, hii nani atamalizia?" nikauliza.

Alinitazama juu ya miwani. "Imekwisha, fundi."

"Lakini watu hawana nyuso."

"Yule mama kule ng'ambo, naona nyuso yake?" Alinyoosha brashi kuelekea mlangoni. Ng'ambo ya barabara alikuwa akipita mwanamke mwenye mzigo. Nilikaza macho. Niliona kitambaa chekundu cha kichwa, chini yake weusi, na mwendo.

"Najua anao," nikasema.

"Kujua ni ingine. Mimi nauliza wewe naona nini."

Nilikasirika. Mimi hukasirika upesi, na zaidi nikishindwa na mtu ambaye hakupaza sauti. Nilibeba ngazi yangu nikaondoka bila kuaga vizuri. Lakini njiani, nikiendesha baiskeli kurudi Mutuini nilikokuwa nimepanga na mke wangu, nilijikuta nikiwatazama watu kwa mbali na kujiuliza ni nini hasa ninachoona. Hakuna aliyekuwa na uso. Hata ng'ombe waliovuka barabara pale Dagoretti hawakuwa na miguu minne, walikuwa na kitu cheusi kinachochezacheza chini ya tumbo. Nilifika nyumbani nikiwa na hasira zaidi.

Jumamosi iliyofuata nilienda kwao. Walikaa katika nyumba ya mawe nyuma ya Adams Arcade, na upande wa nyuma ilikuwa na veranda iliyotazama ua wa kayaba, ile miti ya miiba, na mjakaranda mmoja. Sikujua niseme nimefuata nini, nikasema nimekuja kuuliza kama lango linahitaji rangi. Mama alilitazama lango, akanitazama mimi, akaenda kuleta kibao na vikombe viwili vya chai.

Hivyo ndivyo alivyofundisha, miaka yote. Alikuwekea kikombe cha chai cha moto, na chai hiyo ndiyo iliyokuwa muda wako. Unachora huku unakunywa, na ukifika kwenye majani ya chini, brashi inawekwa chini hata kama nusu ya mti haijapata rangi. Kuiacha chai ikapoa ili kujiongezea muda hakukubali. Siku ya kwanza alininyang'anya fimbo. Alikuwa na sauti ndogo na mkono mwepesi. Sikujua fimbo imetoka mkononi mpaka nilipoiona imeegemezwa kwenye ukuta. Kisha akachukua brashi yangu ndogo ya manyoya laini, ile ya kumalizia herufi, akanipa brashi ya kupakia madirisha.

"Na hii nitachora nini?"

"Ua."

"Ua una majani elfu."

"Basi chora ua. Majani wacha."

Nilitoka jasho kwenye veranda ile kama mtu anayepasua kuni. Mkono wangu haukujua kusimama hewani bila kitu cha kuegemea. Nikipiga doa la kijani, kabla ya kujizuia nilikuwa nimeshalizungushia mpaka, na mpaka nikaunyoosha, na nikaupa kivuli upande wa kulia chini, maana herufi zote nilizowahi kuandika zina kivuli upande wa kulia chini. Ua ulitoka kama jina la duka la mboga. Mama aliuangalia akasema, "Hii mtu nasoma kutoka barabara," na akageuza kibao.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Sikujua wakati ule, na sina hakika hata leo, kwa nini alikubali kunifundisha. Alijifunzia uchoraji Bombay akiwa msichana, kabla hajaolewa na kuletwa huku. Watoto wake walikuwa wamekwenda kusoma na hawakurudi. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza kumwuliza nani atamalizia, na swali la kijinga lilikuwa bora kuliko kutoulizwa kabisa. Mzee alipita nyuma yetu akienda kusikiliza redio, akatazama vibao vyetu kwa adabu kama mtu anayetazama chakula asichokula.

Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Mke wangu, ambaye tulitoka naye kule magharibi tulipozaliwa na ambaye hakuwa na tabia ya kumwogopa mtu, alikuwa akivishika vibao nilivyobeba na kuvigeuza juu chini.

"Baba watoto, hii ng'ombe ilikufa?"

"Imesimama."

"Imesimama wapi na haina mguu?" Halafu akacheka. "Afadhali zile za bucha. Ile ng'ombe yako ya bucha kila mtu anaijua."

Hakusema vibaya. Ng'ombe wangu wa bucha alikuwa maarufu. Lakini nilijikaza kisabuni, nikaendelea, karibu miaka mitatu, nikiharibu vibao vya majora ya watu na kumaliza tapentaini ya karakana yangu. Mara nyingi nilikufa moyo. Kilichonirudisha ni ubishi tu. Sikuweza kukubali kwamba kuna namna ya kushika brashi ambayo mwanamke mwenye kigoda anaiweza na mimi siiwezi.

Iliniingia asubuhi moja ya Julai, nyumbani Mutuini. Ilikuwa ile baridi ya ukungu ambayo huwezi kuuona mgomba wa jirani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chai yangu, kibao kiko juu ya pipa, na jirani yetu akapita kijiani na mzigo wa majani ya ng'ombe. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Nilipiga kijani kimoja kizito, chini yake kahawia moja ya haraka, na nikavuta kijivu pembeni kwa brashi kavu. Kisha nikatazama kikombe. Kilikuwa bado kimejaa nusu. Nikaogopa. Nilijua kabisa kwamba nikigusa tena nitaharibu, na mkono wangu wote ulitaka kugusa. Niliiweka brashi chini, nikatoka nje nikasimama kwenye ukungu mpaka mke wangu akaja kuuliza kama ninaumwa.

Jumamosi nilimpelekea Mama kibao kile, akakisogeza penye mwanga. Kisha akaweka kidole karibu na ile kahawia. "Hapa hukujua kitu," akasema. "Hapa uliona." Hakunisifu zaidi ya hapo. Nilipanda baiskeli nikaenda mpaka Mutuini nikiimba, mtu mzima mwenye watoto watatu.

Shida ilikuja mwanzoni mwa miaka ya sabini, na ilikuja kwa bahasha. Baada ya uhuru watu kama Mzee walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Mzee hakuomba. Si kwamba alikataa. Fomu alizichukua, akaziweka chini ya kioo cha meza ya dukani, zikakaa. Aliniambia mwenyewe sababu, na aliisema kwa sauti ya mtu anayesimulia upumbavu wa mtu mwingine: alikuwa akitoka nje kila asubuhi na kuliona jina la baba yake juu ya mlango, herufi za futi moja, na akaona mtu aliyeandikwa hivyo barabarani ana haja gani ya kujiandika tena ofisini. Wiki ijayo, wiki ijayo, na miaka miwili ikaisha. Sasa bahasha ilisema kwamba asiye raia hatapewa tena leseni ya kufanya biashara katika mtaa ule. Akapewa muda wa kuuza na kufunga. Watoto waliwatumia tikiti za kwenda Uingereza, ambako Mama hakuwahi kufika na Mzee alifika mara moja akaugua.

Jumamosi moja Mzee alikuja kwenye veranda, akavuta kiti, akaketi nasi. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Fundi, mimi nataka picha ya duka," akasema. "Ile ya rangi. Kubwa. Mimi naenda nayo."

Nilimtazama Mama. "Mama ndiye mchoraji."

"Mimi nitalia tu," Mama akasema. "Wewe chora."

Nilisema ndiyo kwa moyo wote. Kisha, siku nne baadaye, alikuja karakana mtu aliyenunua duka. Alikuwa mtu mstaarabu, aliyefanya kazi ofisini miaka mingi akaweka akiba, na hakuwa na ubaya wowote. Alitaka jina la zamani litolewe na lake liandikwe.

"Nimeulizia," akasema, "wakaniambia ile kazi ni yako. Basi wewe ndiye unajua vile inatoka."

Ningeweza kusema sina nafasi. Jiji lilikuwa na mafundi wengine, ingawa wa S zenye matumbo. Lakini nilikuwa na watoto, na ile ilikuwa kazi, na kulikuwa na kitu kingine ambacho sikipendi kukisema: niliona wivu. Sikutaka mkono wa mtu mwingine uguse ubao ule. Nikakubali, kwa sharti kwamba nitaanza wakishaondoka. Akakubali. Jumamosi nilienda kwenye veranda, nikanywa chai ya Mama, nikaongea na Mzee juu ya ukubwa wa kibao, na sikuwaambia. Jumamosi iliyofuata pia sikuwaambia. Nilikuwa nawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na nilikuwa najua.

Picha niliichora Jumapili asubuhi, siku nne kabla ya safari yao. Biashara Street Jumapili ilikuwa tupu, mlinzi mmoja na njiwa. Nilisimama upande wa pili wa barabara na kibao kikubwa zaidi nilichopata, nikajimiminia chai kutoka kwenye chupa, nikaanza. Jua lilikuwa likiingia kwa ubavu. Nilivipiga vitambaa vya dirishani kwa rangi zilizokaribiana, bila kuvitenga, nikaupa mlango bluu badala ya weusi, kwa sababu bluu ndiyo niliyoiona. Jina nililipiga kwa kijani kimoja kirefu na manjano yaliyoruka juu yake mara nne au tano. Halikusomeka. Lakini ukirudi nyuma ulijua ni duka lipi. Ungelijua katikati ya mitaa kumi. Kikombe kiliisha na picha ikaisha, na nilikuwa sijawahi kuchora vizuri hivyo.

Kisha nikaanza kufikiri. Nilimfikiria Mzee katika nchi ya baridi, amemkalisha mjukuu magotini na kibao hiki mbele yao, na mjukuu anauliza, jina la baba yako liko wapi? Na Mzee anasema, ni hapo, hayo manjano. Nilimwonea huruma. Pia, nikisema kweli yote, nilijua ninaenda kulifuta lile la mlangoni, na nilitaka angalau mahali pamoja liwe limeandikwa. Fimbo ilikuwa kwenye mkoba wa baiskeli. Nilitoa fimbo na ile brashi ndogo, nikaegemeza mkono, nikaandika jina lote, na "na Wanawe", kwa herufi zisizozidi punje ya mchele. Zilikuwa safi. Kivuli kulia chini.

Mchana niliipeleka nyumbani kwao, ikiwa mbichi, nimeifunga juu ya baiskeli kwa uangalifu mkubwa. Veranda ilikuwa imejaa masanduku. Mzee alivaa miwani, akainama, akalitafuta jina kwa kidole bila kuligusa, akalisoma kwa sauti. Sauti yake ilikatika kwenye "Wanawe". Alisimama akanishika bega.

Mama alikuwa amerudi nyuma mpaka mwisho wa veranda. "Nani aliandika hapa?" akauliza.

"Mimi, Mama."

"Hapana. Ile ingine yote ni wewe. Hii ni fundi ya mabango."

Alikuwa sahihi, na nililiona hilo wakati uleule. Duka lote lilikuwa linapumua, na katikati yake kulikuwa na kitu kama karatasi ndogo iliyobandikwa. Jicho lilikimbilia pale likakwama. Mama alisema rangi bado mbichi, nifute sasa hivi, dakika moja tu. Mzee akasema hakuna mtu atafuta. Mama akasema kitu kwa lugha yao, Mzee akajibu, na ikawa ugomvi. Nilikuwa nimewajua miaka na sikuwahi kuwasikia wakigombana. Sikuelewa neno ila jina la baba, ambalo Mzee alilirudia, akinyoosha kidole kwenye kibao. Mwishowe Mama aligeuka akaanza kufunga vikombe kwa magazeti. Hapo ndipo ningepaswa kuwaambia juu ya ile kazi ya ubao. Mdomo niliufungua. Nikasema naenda, mvua inakuja.

Jumatatu, nikifika karakana, nilikuta ujumbe wa mwenye duka mpya. Funguo zilikuwa zinakabidhiwa siku hiyo, mali yake ilikuwa imeshafika, na alikuwa amealika watu Ijumaa. Nianze leo. Ningeweza kumkumbusha sharti letu. Nilijiambia Mzee atakuwa amekabidhi asubuhi na kuondoka, nikachukua ngazi na kisu cha kubandua rangi.

Mlangoni, upande wa kushoto, wapagazi walikuwa wakiingiza magunia, kwa hiyo ngazi niliiweka upande wa kulia, na kazi nikaianzia kulia. Rangi yangu mwenyewe ilikuwa ngumu kutoka. Tabaka juu ya tabaka, miaka karibu kumi ya mkono wangu, ikidondoka vipande vya manjano juu ya viatu vyangu. Nilikuwa nimejizoesha kutosoma. Nilikuwa nabandua tu. Niliposhuka kusogeza ngazi ndipo nikamwona Mzee amesimama barabarani mahali pake pa siku zote, mikono mgongoni, funguo zikining'inia kidoleni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Nilitazama juu nijue anaona nini. Nilikuwa nimeshawafuta wana. Baba yake alikuwa bado.

"Mzee," nikasema.

Hakuonekana kukasirika. Ningependa angekasirika, hasira ninaijua. Alitazama ubao, akatazama kisu mkononi mwangu, kisha akavuka kwenda kukabidhi funguo, na alipotoka alipita upande wa pili wa barabara. Nilipanda ngazi nikamaliza kazi. Nililia kidogo, huko juu, ambako watu hudhani ni vumbi la rangi.

Jumanne jioni nilienda kwao, kabla jua halijazama. Nilijua nikikaa nyumbani wataondoka na nitabaki na uso ule wa Mzee maisha yangu yote. Mama alinifungulia. Alikuwa anajua. Akanipitisha mpaka kwenye veranda, ambapo picha ilikuwa imeegemezwa kwenye kiti na Mzee ameketi mbele yake.

Nilimwambia kila kitu, nimesimama. Kwamba niliitwa mapema, kwamba nilikubali, kwamba nilikunywa chai yao wiki mbili nikiwa nimekubali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi," akasema, "mimi tangu jana nasoma hii. Kila nikisoma, naona wewe juu ya ngazi. Iko mkono moja. Hii S, na ile S." Alivua miwani akaishika mapajani. "Wewe ulifuta kule. Futa na hapa."

"Mzee, nitakuja kukuandikia upya, hata usiku wa leo..."

"Hapana kuandika. Futa."

Mama alikuwa ameshafungua sanduku moja lililokuwa limefungwa kwa kamba. Akatoa kibao cha kuchanganyia rangi, akakamua kijani na manjano, akanipa brashi pana. Chai hakuleta. Nilisimama mbele ya kitu nilichokifanya na mkono wangu ukatetemeka hewani, hauna fimbo, na sikuuzuia. Niliinua kijani, nikakivuta kutoka kulia kwenda kushoto, mara moja, juu ya wana na juu ya baba, nikayaacha manjano yaruke yanavyotaka. Herufi zilikwenda. Duka likafunguka pale lilipokuwa limekwama, na mwanga ukapita kutoka dirishani mpaka kwenye ubao na kuteremka tena mlangoni.

"Usiiguse tena," Mama akasema kwa sauti ndogo.

Ilikuwa nzuri kuliko ya Jumapili. Nililiona hilo, na niliona aibu kuliona, kwa sababu kwa miaka yote ile nilikuwa nikiomba mkono huo uje, na uliponijia ulikuwa unafuta jina la watu walionikaribisha. Mzee aliitazama kwa muda mrefu bila miwani. Midomo yake ilitembea, kama alikuwa akisoma, lakini sikusikia sauti. Kisha akainuka na kuninyooshea mkono.

Nikamwambia mikono yangu ina rangi.

"Najua," akasema, na akaushika.